BEGA LIKIUMIA KAZINI, LISIACHWE LIGANDE

Ndugu msomaji, hebu hesabu kazi ambazo bega lako limefanya tangu jana. Umelima kwa jembe la mkono. Umechota maji. Umepasua kuni. Pengine umetwanga, au umevuta nyavu ziwani, au umepakia magunia kwenye lori. Kazi zote hizo zinapita begani. Mguu ukiuma, mtu anaweza kukaa chini akapukuchua mahindi. Lakini bega likiuma, hata kuvaa shati ni kazi ya watu wawili.

Huku kwetu Kanda ya Ziwa, msimu wa kulima haumsubiri mtu. Mvua zikianza ni kulima, basi. Mtu akiumia bega wakati huo hujikuta mbele ya njia mbili, na zote ni mbaya. Njia ya kwanza ni kukaza roho na kuendelea kulima vile vile. Njia ya pili ni kuufunga mkono kwa kanga na kutousogeza kabisa kwa miezi mitatu. Anayefuata njia ya kwanza anazidisha jeraha. Anayefuata njia ya pili anaweza kupona maumivu, lakini siku akiufungua mkono haupandi tena. Umeganda.

Iko njia ya tatu. Nayo ni kulipumzisha bega kwa muda mfupi, kisha kulirudisha kazini hatua kwa hatua. Wataalamu wa afya huiita huduma ya utengamao. Neno hilo ni geni kwa wengi, lakini maana yake si ngumu. Ni kumsaidia mtu aliyeumia au aliyeugua aweze kurudi katika kazi zake na maisha yake ya kila siku. Kupona jeraha ni jambo moja. Kurudi shambani ukiwa na mkono unaofanya kazi ni jambo la pili. Watu wengi huishia kwenye lile la kwanza.

BEGA LIMEJENGWAJE?

Chukua chungwa uliweke juu ya kisahani. Utaweza kulizungusha upande wowote unaotaka. Lakini ukikitikisa kisahani, chungwa litadondoka. Bega nalo liko hivyo hivyo. Kichwa cha mfupa wa mkono ni cha mviringo, nacho kimekaa kwenye kisahani kidogo kisicho na kina, kilichoko pembeni mwa kombe la bega. Nyonga haikujengwa hivyo. Mfupa wa paja umezama ndani ya tundu lake, ndiyo maana nyonga haiteguki ovyo, lakini pia mguu hauwezi kuzunguka kama mkono.

Sasa ni nini kinachozuia lile chungwa lisidondoke? Ni nyama. Iko misuli minne midogo inayotoka kwenye kombe la bega. Mwisho wa misuli hiyo ni kano ngumu, nazo zimekishika kichwa cha mfupa kama vidole vinavyoshika chungwa. Kano hizo zinapita mahali pembamba, chini ya ule mfupa unaougusa ukiweka kidole juu ya bega. Unapoinua mkono juu ya kichwa mara nyingi, tena ukiwa na uzito mkononi, kano hizo hufanya kazi kubwa. Zikichoka huanza kuuma, na baadaye huweza kuchanika. Kano hupata damu kidogo kuliko msuli. Kwa hiyo hupona polepole, na haraka ya mwenye bega haiwezi kuziharakisha.

Kuna kitu kingine cha kukijua. Kiungo cha bega kimezungukwa na mfuko mwembamba. Mfuko huo umelegea, ili mkono uweze kupanda na kushuka. Mkono ukikaa bila kusogea kwa majuma mengi, mfuko hunywea na kukakamaa. Umewahi kuona ngozi ya mbuzi iliyoachwa juani bila kuwambwa? Hujikunja ikawa ngumu kama ubao. Hali ya bega lililofungwa muda mrefu inafanana na hiyo.

LINAUMIAJE?

Mara nyingine bega linaumia kwa ghafla. Mtu anaanguka kutoka juu ya mwembe, au kwenye pikipiki, au anateleza na gunia mgongoni. Ng'ombe wa plau anashtuka na kumvuta aliyeshika kamba. Hapo bega linaweza kuteguka. Mtulinga, yaani ule mfupa ulioko kati ya shingo na bega, unaweza kuvunjika. Kano inaweza kuchanika.

Mara nyingine linaumia taratibu, na huku ndiko wengi tunakodanganyika. Mkulima wa pamba hubeba bomba la dawa la lita 15 au 16 mgongoni. Mikanda inambana mabega, na mkono mmoja unapampu saa zote. Jioni bega linauma kidogo, asubuhi limepoa. Siku ya pili hivyo hivyo. Baada ya msimu, bega linauma hata usiku, na ukilalia upande huo unaamka. Ukiinua mkono pembeni, maumivu yanakuja mkono unapofika usawa wa bega. Hizo ni dalili za kano zilizochoka.

Wapakizi wa mizigo ndio walioko hatarini zaidi. Gunia la mahindi hufika kilo 100, na lumbesa huzidi hapo. Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza kwamba mwanamume mtu mzima asibebeshwe peke yake mzigo unaozidi kilo 55, na kwamba mwanamke abebe pungufu sana ya hapo. Sasa piga hesabu. Lumbesa moja ni karibu mizigo miwili ya watu wazima, na kijana anaipandisha kwenye lori peke yake huku wenzake wakimshangilia. Kushangilia huko hakumsaidii kitu. Bora wamshikie upande wa pili.

USIKUBALI KUVUTWA

Bega likiteguka, umbo lake hubadilika. Upande mmoja unakuwa bapa au na pembe, na mkono hausogei. Hapo ndipo wanapotokea mafundi wa kijijini. "Mlaze chini! Mwekee kisigino kwapani! Vuta!" Ndugu zangu, hapana. Bega lililoteguka linaweza kuwa limevunjika pia, na macho hayaoni mfupa ulioko ndani ya nyama. Tena karibu na kwapa unapita mshipa mkubwa wa damu pamoja na mishipa ya fahamu inayoupa mkono nguvu. Ukivuta ovyo unaweza kuharibu vitu ambavyo havikuwa vimeharibika.

Kinachotakiwa ni kuuacha mkono jinsi ulivyo. Chukua kanga, ning'iniza mkono shingoni. Funga kanga ya pili kuuzunguka mwili ili mkono usichezecheze. Kisha mpeleke mgonjwa kituo cha afya au hospitali siku hiyo hiyo. Saa zikipita misuli inakaza, na kulirudisha bega kunakuwa kugumu.

Nenda haraka pia kama vidole vimekufa ganzi, au mkono umekuwa wa baridi, au baada ya kuanguka huwezi kabisa kuuinua. Nenda kama bega limevimba, lina joto, na mwili una homa. Na jambo moja zaidi, ambalo halihusiani na jembe. Mtu akipata maumivu ya bega la kushoto pamoja na kifua kubana, jasho jembamba na kukosa pumzi, huenda ni moyo. Huyo asipewe dawa ya kuchua. Akimbizwe hospitali.

SIKU ZA KWANZA

Hapa tunamzungumzia mtu ambaye hakuvunjika wala kuteguka, bali amejitonesha bega kwa kazi. Siku mbili tatu za mwanzo aache kazi nzito. Alowanishe kitambaa kwa maji baridi ya mtungini, akiweke begani kwa dakika 10 au 15, mara kadhaa kwa siku. Akitaka dawa ya maumivu, aulize zahanati anywe kiasi gani. Asichanjwe chale. Wala asikandwe kwa nguvu mpaka machozi yamtoke. Kano iliyoumia haiponi kwa kubanwa.

Kulala ni tatizo kubwa kwa mwenye bega. Alale chali, na chini ya kiwiko aweke kanga iliyokunjwa ili mkono usining'inie nyuma. Au alale kwa upande mzima, akikumbatia mto.

Hata katika siku hizo, vidole, kifundo cha mkono na kiwiko visilale. Afumbe ngumi na kuifumbua. Akunje kiwiko na kukinyoosha. Kilichoumia ni bega, vingine havina sababu ya kuganda.

Aliyevunjika, aliyeteguka au aliyefanyiwa upasuaji afuate amri ya daktari. Mara nyingi huyo hufungwa mkono kwa majuma kadhaa. Lakini kabla hajatoka hospitali aulize maswali mawili: "Mkono nianze kuufungua lini? Na nikishaufungua nifanye mazoezi gani?" Watu wengi hurudi nyumbani na kitambaa shingoni bila kuuliza. Daktari alisema majuma matatu, mgonjwa anakaa nacho miezi mitatu kwa kuogopa. Woga huo ndio unaogandisha bega.

MAZOEZI YA KULEGEZA

Mazoezi haya hayahitaji fedha. Yanahitaji ukuta, fimbo, kamba na moyo wa kurudia. Fanya mara mbili au tatu kwa siku, kila zoezi mara 10.

La kwanza ni la kuning'iniza. Inama, shika meza au gogo kwa mkono mzima. Uache mkono unaouma uning'inie kama kengele shingoni mwa ng'ombe. Sogeza mwili taratibu ili mkono uende mbele na nyuma, kisha uzunguke kama unachora duara chini. Usitumie nguvu ya bega.

La pili ni la fimbo. Lala chali mkekani. Shika fimbo kwa mikono miwili. Mkono mzima ndio usukume, ule mgonjwa ufuate tu, mpaka mikono ielekee juu ya kichwa. Rudisha taratibu.

La tatu ni la kamba. Pitisha kamba juu ya boriti au tawi laini. Keti chini yake, shika ncha mbili. Ukivuta kwa mkono mzima kwenda chini, mkono mgonjwa unapandishwa. Hospitalini wanatumia kamba na gurudumu dogo kwa kazi hii hii.

La nne ni la ukutani. Simama ukiutazama ukuta. Weka vidole ukutani usawa wa kiuno, vitembee kupanda juu kama buibui mpaka vishindwe. Sasa, wewe unajua kusoma na kuandika. Chukua mkaa, chora alama pale vidole vilipofika, andika tarehe pembeni. Jumapili ijayo chora nyingine. Bega linapona polepole sana hata mwenyewe hulioni, lakini alama za ukutani zitakuonyesha. Na kama majuma manne yamepita na alama zimekaa pale pale, nenda nazo hospitali kichwani mwako, mweleze mganga.

Je, ukifanya zoezi likauma, uache? Si lazima. Maumivu kidogo wakati wa zoezi, yakatulia baada ya muda mfupi, hayana neno. Lakini yakikunyima usingizi usiku huo, au asubuhi bega likawa baya kuliko jana, umezidisha. Usiache kabisa, ila kesho punguza.

MAZOEZI YA NGUVU

Mkono ukishaweza kupanda, wengi hushika jembe siku hiyo hiyo. Hapana. Misuli iliyokaa bila kazi imenywea, na haijaweza bado kulishika lile chungwa letu. Lazima ipewe nguvu kwanza.

Tafuta tyubu kuukuu ya baiskeli. Kata ukanda mrefu, ufunge kwenye nguzo usawa wa kiwiko chako. Simama ubavu, nguzo ikiwa upande wa mkono mzima. Kunja kiwiko cha mkono mgonjwa, kikae ubavuni, na hapo katikati bana kitambaa kilichokunjwa. Kitambaa kikianguka ujue kiwiko kimetoka mahali pake. Sasa vuta ukanda kwa kuupeleka mkono nje, kama mlango unaofunguka. Rudisha polepole, usiache tyubu ikurudishe yenyewe. Kisha geuka, nguzo iwe upande wa mkono mgonjwa, uvute kuja tumboni. Mara 10, pumzika, rudia mpaka mafungu matatu. Fanya hivyo siku tatu katika juma.

Ongeza zoezi la kusukuma ukuta. Simama hatua moja kutoka ukutani, weka viganja, kunja viwiko mpaka kifua kikaribie, sukuma urudi. Tena, unapokuwa umekaa, vuta makombe ya mabega nyuma kama unataka yagusane, hesabu mpaka tano, achia. Hilo unaweza kulifanya hata mkutanoni, hakuna atakayejua.

Kwa kano zilizochoka, mazoezi haya huchukua kama majuma 12 kuleta faida ya kutosha. Najua mtu atasema hayo ni majuma mengi. Lakini bega lililorudishwa kazini mapema likaumia tena huweza kuchukua muda mrefu zaidi.

KURUDI SHAMBANI

Anza na kazi za chini ya kifua. Palizi ya udongo laini, nusu saa, kisha pumzika. Siku ya pili ikiwa salama, ongeza. Jembe liwe limenolewa na mpini wake uwe mrefu wa kukutosha, ili usilipigie ardhi kwa hasira. Usiliinue juu ya kichwa. Liinue mpaka kifuani, uliache lishuke kwa uzito wake. Badilisha mkono wa mbele mara kwa mara, ingawa mwanzoni utajiona kama mtoto anayejifunza kulima. Kupampu bomba, kutwanga na kupakia magunia viwe vya mwisho kabisa kurudi.

Maji nayo ni mzigo. Ndoo ya lita 20 ina kilo 20. Ikishakaa kichwani bega halipati taabu sana. Taabu iko kwenye kujitwisha na kujitua. Basi mwenye bega asijitwishe peke yake. Atwikwe, na akifika nyumbani atuliwe. Au achote nusu ndoo. Au maji yaje kwa baiskeli au punda.

Na hapa nina neno na wanaume. Mwanamume akiumia bega, mke hulima sehemu ya mume na watoto husaidia. Mwanamke akiumia bega, mara nyingi maji, kuni na kinu vinamsubiri vile vile. Akisema anaumwa, anaonekana anatega kazi, kwa kuwa bega halina kidonda cha kuonekana. Mazoezi ya asubuhi hayawezi kushinda ndoo sita za jioni. Kama nyumba haitagawana kazi upya kwa hiyo miezi mitatu, nasema wazi, mazoezi yote niliyoeleza hapo juu ni bure.

BEGA LINALOGANDA LENYEWE

Wapo watu ambao hawakuanguka wala kufunga mkono, na bado bega linaganda. Huwapata zaidi wenye umri wa miaka 40 hadi 60, wanawake kuliko wanaume, na hasa wenye kisukari. Huanza kwa maumivu makali ya miezi, kisha bega linakaza, kisha linaanza kulegea taratibu. Safari hiyo huweza kuchukua mwaka mmoja mpaka mitatu. Si kurogwa. Mwenye hali hiyo apimwe sukari kwenye damu, na afanye yale mazoezi ya kulegeza bila kulazimisha.

NANI ATAKUSAIDIA?

Anza na zahanati au kituo cha afya chako. Wakishindwa, waombe barua ya kwenda hospitali ya wilaya au ya mkoa. Uliza kama kuna mtaalamu wa fiziotherapia, yaani mganga wa kutibu kwa mazoezi. Hospitali kubwa za rufaa, kama Bugando ya Mwanza na KCMC ya Moshi, wanao. Ukienda mbali mara moja tu, mwombe akuonyeshe mazoezi na akuandikie, kisha uyafanye nyumbani.

Kama umeajiriwa na bega limeumia ukiwa kazini, iwe kiwandani, ghalani au kwenye shamba la kampuni, unayo haki nyingine. Kwa Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 uliundwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, nao ulianza kazi mwaka 2015. Mwajiri ndiye anayechangia, mfanyakazi hakatwi mshahara. Mfuko huo unahusika na matibabu, malipo ya ulemavu, na huduma za utengamao tulizozieleza. Mkulima anayelima shamba lake mwenyewe hayumo katika mpango huo, na kwa maoni yangu hili ni pengo kubwa, maana mabega mengi nchini yako huko.

Uliyeajiriwa, usikae kimya ukidhani bega litapoa. Mwambie mwajiri mapema. Halafu chukua daftari, andika tarehe na saa, kazi uliyokuwa unafanya, uzito wa mzigo, na majina ya waliokuwepo. Cheti cha hospitali kiwekwe ndani ya daftari hilo hilo, mahali ambapo watoto hawafiki.